Kulinganisha mbolea za naitrojeni kwa uwanja wa michezo: mwongozo kwa watunza viwanja wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Nyasi ikitiwa naitrojeni ya aina yoyote inayoyeyuka upesi hugeuka kijani ndani ya siku tano hadi kumi. Ndiyo maana rangi ya wiki ya kwanza haimwambii mtunza uwanja mbolea ipi inamfaa. Wiki hiyo urea, CAN (nitreti ya amonia yenye chokaa) na salfeti ya amonia hufanana, na kila muuzaji huonekana amesema kweli. Tofauti hujitokeza baadaye: wiki ya sita, nyasi inapochimbwa na njumu kila Jumamosi, msimu wa pili, tindikali ya udongo inapoongezeka, na mwisho wa mwaka, mweka hazina anapouliza pesa zilienda wapi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya ulinganisho kwenye uwanja wako mwenyewe, uwe wa shule kule Butere, wa kaunti, au wa klabu ya raga Nakuru.

Hesabu gramu za naitrojeni, usihesabu mifuko

Ulinganisho wowote huharibika hapa kwanza. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Wa CAN una asilimia 26, yaani kilo 13. Wa salfeti ya amonia, ambayo wengi huiita SA, una asilimia 21, yaani kilo 10.5, pamoja na salfa asilimia 24. NPK 17-17-17, mchanganyiko wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ina kilo 8.5 tu za naitrojeni. Ukimwaga mfuko mmoja wa kila aina kwenye vipande vinne sawa, urea itashinda, na hutakuwa umejifunza lolote.

Kipimo kizuri cha kuanzia kwa mbolea inayoyeyuka upesi ni gramu 3 za naitrojeni kwa kila mita mraba kwa mara moja. Usivuke gramu 5. Juu ya hapo majani huungua, nyasi hulainika, na mvua hubeba kilichobaki. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita mraba 7,140, hivyo gramu 3 ni kilo 21.4 za naitrojeni. Gawanya kwa asilimia ya mbolea yako: utahitaji kilo 47 za urea, au kilo 82 za CAN, au kilo 102 za SA, au kilo 126 za NPK 17-17-17.

Bei nayo ipimwe hivyo hivyo. Chukua bei ya mfuko, gawanya kwa kilo za naitrojeni zilizomo. Tuseme, kwa mfano tu, CAN inauzwa shilingi 3,500 na urea 4,000. Kilo moja ya naitrojeni ya CAN itakugharimu shilingi 269, ya urea 174. Urea inaonekana ghali dukani kumbe ndiyo nafuu, mradi haipotei hewani, na hilo tutalijia.

Kosa linaloonekana sana kwenye viwanja vya shule ni kupima mbolea kwa gorogoro. Gorogoro ni kipimo cha ujazo, na mbolea hazina uzito mmoja. Ukiijaza urea, itakuwa nyepesi kuliko ile ile iliyojaa CAN kwa karibu robo, lakini ndani yake kuna naitrojeni zaidi kwa karibu theluthi. Mtu aliyezoea CAN akibadilisha kwenda urea na kuendelea na gorogoro zile zile, ameongeza dozi bila kujua. Kisha nyasi ikiungua, urea inapewa jina baya. Kama huna budi kutumia gorogoro, ijaze, ifute juu kwa kijiti, ipime kwenye mizani, na uandike uzito wa kila mbolea kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kopo lenyewe.

Kila mbolea inavyofanya kazi, na inakopotelea

Urea haiingii kwenye mzizi ikiwa na faida kubwa hadi igeuzwe. Kimeng'enya cha yurease, kilichojaa kwenye udongo na hasa kwenye masalia ya nyasi yaliyokauka chini ya majani, huigeuza kuwa amonia. Hilo likitokea juu ya ardhi, amonia hupaa. Joto, upepo, umande wa kulowanisha chembe bila kuziingiza chini, na udongo wenye pH ya juu (pH ni kipimo cha tindikali; ikiwa juu, tindikali ni kidogo) huongeza hasara. Dawa yake ni maji: milimita 10 hadi 15 ndani ya saa 24, ya mvua au ya bomba. Weka vikopo vitano vya bati uwanjani unapomwagilia na upime kina kwa rula. Manyunyu ya dakika tano hayafiki hapo.

CAN ina naitrojeni ya aina mbili, nusu nitreti na nusu amonia. Nitreti iko tayari kufyonzwa, ndiyo maana CAN hufanya kazi hata siku za baridi. Haipai hewani kama urea, kwa hiyo inavumilia kuchelewa kwa mvua. Chokaa iliyomo huipunguzia makali ya tindikali. Udhaifu wake ni hiyo hiyo nitreti: kwenye udongo mwepesi inashuka na maji chini ya mizizi, na kwenye udongo uliotwama maji bakteria huigeuza kuwa gesi.

SA haipai sana kwenye udongo wenye tindikali au wa kadiri, na salfa yake huipa nyasi kijani kizito pale salfa inapokosekana. Bei yake halisi hulipwa na udongo. Kwa kila kilo ya naitrojeni, SA huzalisha tindikali takriban mara tatu ya urea: kilo 5 na ushei za chokaa safi zinahitajika kuirudisha, ilhali urea inahitaji chini ya kilo 2.

Mbolea za polepole ni jamii tofauti tofauti zinazouzwa kwa jina moja. Urea iliyopakwa salfa huachia kupitia nyufa za ganda, na ganda hilo huvunjwa na magurudumu ya mashine na njumu; ikivunjika, ni urea ya kawaida. Iliyopakwa polima hufuata joto. Kwa hiyo muda ulioandikwa mfukoni kwa nchi za baridi hautafika Kisumu; tarajia ifupike. Ureafomu na methilini-urea hutegemea vijidudu vya udongo. Agroveti za kawaida mara nyingi hazina bidhaa hizi, huagizwa kutoka kwa wauzaji wa vifaa vya gofu, na bei ya naitrojeni yake huwa juu sana. Zinalipa pale ambapo kupata watu wa kumwaga mbolea kila mwezi ni shida.

Samadi ya kuku iliyooza vizuri ni mbolea ya maana, lakini sehemu tu ya naitrojeni yake hupatikana mwaka wa kwanza, na huja na fosforasi nyingi. Itumie kuboresha udongo. Kwenye jaribio hili itakuchanganya. DAP (fosfeti ya amonia, yenye fosforasi nyingi) nayo iache kwa siku ya kupanda nyasi mpya. Kuirusha juu ya nyasi iliyokomaa ni kununua fosforasi usiyoihitaji.

Kabla ya jaribio

Pima udongo. Zunguka uwanja kwa mtindo wa zigizaga, chukua vipande 15 hadi 20 vya kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya mabati huharibu kipimo cha zinki), toa nusu kilo, upeleke maabara. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, wana vituo Kakamega, Kibos na Njoro. Uliza kituo kilicho karibu nawe sampuli zinapokelewa wapi. Unachotaka kujua ni pH, fosforasi na potasiamu. Ikiwa potasiamu iko chini, irekebishe kwanza kwenye eneo lote la jaribio, la sivyo naitrojeni itazaa majani mengi yasiyohimili kukanyagwa.

Jua pia nyasi uliyonayo. Bermuda kwenye uwanja unaochezewa sana hutaka gramu 20 hadi 25 za naitrojeni kwa mita mraba kwa mwaka, ikikatwa milimita 15 hadi 25. Nyasi ya Kikuyu hutosheka na gramu 10 hadi 15 na urefu wa milimita 20 hadi 30. Ukiilisha kama Bermuda itajenga mkeka mzito wa masalia, mpira hautaruka, na mashine itaikata hadi kwenye mabua makavu. Nyingi ya lawama dhidi ya nyasi ya Kikuyu zingepaswa kwenda kwa aliyeilisha.

Kupanga vitalu

Aina tano zinatosha: kitalu bila naitrojeni, urea, CAN, SA, na moja ya polepole ukiipata. Kile kisicho na naitrojeni usikiache hata ukiona aibu ya njano yake. Bila hicho hujui mvua peke yake ilifanya nini.

Kila kitalu kiwe mita 2 kwa 5, yaani mita mraba 10. Panga vitano sambamba ukiacha nusu mita kati yao. Kundi moja litachukua ukanda wa mita 12 kwa 5. Rudia kundi hilo mara tatu mahali tofauti uwanjani, na ndani ya kila kundi piga kura mbolea ipi inaenda kitalu kipi. Usipange kwa mfuatano mmoja, maana upande mmoja wa uwanja daima huwa na kivuli au unyevu zaidi.

Mahali pa kuweka makundi pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mbele ya goli hakuna mbolea itakayoonekana, nyasi inang'olewa kabla haijajibu. Ukanda anaokimbilia mshika kibendera nao huchakaa kuliko sehemu nyingine. Chagua eneo kati ya kisanduku cha goli na mstari wa kati, mita 3 au zaidi ndani ya mstari wa pembeni. Weka alama kwa misumari mirefu yenye vichwa bapa iliyozamishwa chini ya usawa wa udongo. Vigingi vinavyochomoza ni hatari kwa wachezaji. Chora ramani kwa vipimo kutoka nguzo za goli.

Dozi kwa kitalu, ukitumia gramu 3 kwa mita mraba, ni gramu 30 za naitrojeni: gramu 65 za urea, 115 za CAN, au 143 za SA. Pima kwa mizani ya jikoni. Mbolea ya polepole hupewa kipimo kikubwa mara moja badala ya vidogo vingi. Kama jaribio litaendelea wiki 12 na nyingine utazirudia wiki ya nne na ya nane, ipe gramu 90 za naitrojeni siku ya kwanza. Jumla ndiyo lazima ilingane.

Kuna mtego mmoja wa SA. Vitalu vyake vimepata gramu 34 hivi za salfa ambazo jirani zake hawakupata. SA ikishinda, huenda salfa ndiyo iliyoshinda. Ukitaka kutenganisha, wape wengine wote, hata kile kisicho na naitrojeni, gramu 190 za jasi, yenye salfa bila naitrojeni, kwa kila dozi ya SA.

Changanya kila dozi na ndoo ndogo ya mchanga mkavu ili mkono uweze kuisambaza sawasawa. Rusha nusu ukitembea kwa urefu, nusu kwa upana. Nyasi iwe kavu, bila umande. Futa viatu unapotoka kitalu kimoja kwenda kingine, kisha mwagilia vyote kwa kiasi kimoja. Hapa kuna uamuzi: ukimwagilia vizuri unapima mbolea ilivyo, ukiacha mvua, unapima mbolea ilivyo kwa uwanja usio na bomba. Viwanja vingi vya shule viko hali ya pili. Fanya jaribio linalofanana na maisha ya uwanja wako.

Wakati mzuri wa kuanza ni mvua za masika zikishashika, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili.

Kupima matokeo

Rangi ipewe alama 1 hadi 9, ambapo 6 ni nyasi inayokubalika. Watu wawili waandike kila mmoja peke yake bila kuona ramani, saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni. Fanya hivyo wiki ya 1, 2, 4, 6, 8, 10 na 12.

Msongamano wa nyasi ndio hasa hubeba mchezo. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, ifungie nyuzi kila sentimita 10 pande zote mbili. Zitapishana mahali 25. Ilaze kitaluni mara mbili na uhesabu chini ya kila makutano: jani bichi, gugu, au udongo mtupu. Una nukta 50, kila moja ni asilimia 2. Kazi hii huchukua dakika chache kwa kitalu na inakupa namba isiyotegemea jicho la mtu.

Majani yanayokatwa nayo yapimwe. Kata ukanda mmoja katikati ya kitalu, kusanya, pima yakiwa mabichi. Uzito mkubwa si ushindi. Urea na CAN zikitoa mlundo wiki ya pili halafu zishuke, umelipia mafuta ya mashine na mgongo wa mkataji. Mbolea bora ni ile yenye msongamano mzuri na uzito wa majani usiopanda na kushuka.

Mizizi iangalie wiki ya 8. Gonga kipande cha bomba la chuma la inchi mbili hadi kina cha sentimita 15, toa udongo, ushike kwenye ndoo ya maji na kuusukasuka, halafu pima mizizi inakofika. Vitalu vilivyozidishiwa naitrojeni hujitambulisha hapo: juu mapambo, chini mizizi mifupi. Vaa njumu, kanyaga kwa kisigino na uzungushe. Nyasi inayokatika kama sufu haitamaliza msimu.

Ukishapata wastani, angalia kwanza vitalu vitatu vya mbolea moja vinatofautiana kiasi gani. Kama CAN peke yake imetoa asilimia 78, 84 na 90, na urea wastani wake ni 81, usiseme CAN imeshinda. Zimelingana, chagua iliyo nafuu.

Udongo wako utaamua mengi

Uwanda wa Kano na sehemu za Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kutwama maji masika. Hapo nitreti ya CAN hupotea kama gesi uwanja ukilowa siku kadhaa. Urea au SA kwa dozi ndogo huenda zikashinda masika, na CAN kiangazi. Lakini kwenye uwanja unaotwama, fedha ya kwanza iende kwenye mitaro, kwa sababu mizizi isiyopumua haili mbolea yoyote.

Kakamega, Vihiga na sehemu kubwa ya Bungoma na Busia, udongo una tindikali na mvua ni nyingi. SA hapo ni ya kuepukwa hata ikishinda kwa rangi wiki ya nne. Tumia CAN, au urea pamoja na mpango wa chokaa. Chokaa ya shambani inachimbwa hapo Koru, karibu kabisa. Iache iwe na wiki kadhaa kabla au baada ya urea na SA. Zikikutana juu ya nyasi, amonia hupaa.

Nakuru mambo hugeuka. Udongo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, maji hupita haraka, na maji ya visima vingi yana magadi ya kupandisha pH. Urea iliyoachwa juu hupotea zaidi. SA inapata heshima yake hapa ikiwa kipimo kinaonyesha pH juu ya 7. CAN igawanywe: gramu 2 kila wiki tatu ni bora kuliko gramu 4 kila wiki sita. Usiku wa Julai ni baridi na Bermuda hupunguza mwendo. Kuilazimisha kwa naitrojeni wakati huo ni kupoteza.

Pande zote za Ziwa Victoria, usimwage mbolea mchana ambao wingu la radi limeshajikusanya. Milimita 15 za mvua ni baraka. Milimita 50 kwa saa moja hupeleka naitrojeni mtaroni na kisha ziwani, ambako gugumaji limeshashiba. Acha mita 3 bila mbolea kando ya kila mtaro.

Kuipeleka uwanja mzima

Ukishachagua, gawa dozi mara mbili. Kwa CAN, kilo 82 ni kilo 41 kwa kila upande wa kutembea. Upana wa mita 68 unagawanyika njia 17 za mita 4. Kila njia ipate kilo 2.4. Urefu wa mita 105 unatoa njia 30 za mita 3.5, kila moja kilo 1.4 hivi. Vuta kamba, weka mafungu yaliyopimwa mwanzoni mwa kila njia kabla mtu hajaanza kutembea. Mrushaji akimaliza fungu akiwa katikati ya njia, asiongezwe. Anarudi kwenye nusu ya pili akiwa amejifunza mkono wake.

Mistari ya kijani na njano inayotokea siku kumi baadaye ni ishara ya njia zilizoachana au kupishana, si ya mbolea mbaya. Madoa ya kahawia ya ukubwa wa kiganja ni mbolea iliyomwagika wakati wa kujaza. Jazia nje ya uwanja, juu ya turubai. Ncha za majani zikiwa nyeupe kote, nyasi ilikuwa na umande au maji yalichelewa.

Usichanganye urea na CAN kwenye ndoo moja. Zikikutana huvuta unyevu wa hewa na kugeuka uji, na hewa ya Kisumu haitazipa hata nusu siku. Mfuko uliofunguliwa ufunge kwa kamba, uweke juu ya mbao mbali na ukuta, na uandike tarehe. CAN iliyoshikamana na kuwa mabonge bado ina naitrojeni yake, ila iponde na kuichekecha kwanza; bonge moja likitua uwanjani litaua nyasi mahali hapo, na doa hilo litachukua wiki kadhaa kuziba.